Nyumba Zinazojiendesha na Lugha ya Mwenye Nyumba

Miongoni mwa dalili za kutawaliwa iko moja isiyopiga kelele, nayo ni mtu kuishi katika nyumba yake mwenyewe huku vitu vilivyomo ndani vina majina asiyoyaelewa. Zamani jambo hili halikuwezekana. Mjenzi alizijua nguzo, boriti, fito na kizingiti, na mwenye nyumba alizijua sawasawa na mjenzi wake; ndiyo maana aliweza kusimama uani akasema, "Boriti hii umeipindisha, iteremshe." Leo zinajengwa nyumba ambazo taa zake huwaka zenyewe, maji yake hujikata yenyewe na malango yake hufunguka bila kuguswa, lakini mwenye nyumba hana neno hata moja la kumwambia fundi, ila "hii imekataa".

Ninavisema vyombo vile ambavyo wauzaji huvitangaza kwa jina la "nyumba janja": taa inayowaka mtu apitapo, pampu inayozimika tangi lijaapo, lango linalotii simu, na kamera inayomwezesha mtu aliye Dar es Salaam kuuona ua wa mama yake. Asidhani mtu kuwa vyombo hivi ni vya majumba ya Masaki na Oysterbay tu. Vimekwisha kufika vijijini, na njia vilivyopitia twaijua sote. Mtoto wa Kipare aliyepata kazi mjini hujenga kwao. Mwezi wa Desemba hurudi na jamaa zake, na miezi mingine kumi na mmoja huichunga nyumba hiyo kwa simu. Pale Lembeni, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare ya Kaskazini, kandokando ya barabara kuu ya kutoka Same kwenda Moshi, nyumba za namna hiyo zimo.

Sina ugomvi na vyombo. Mashine itakayompunguzia bibi kizee safari ya kwenda kufunga koki usiku ni mashine njema, itoke China au itoke Ujerumani. Ugomvi wangu ni juu ya maneno, na juu ya watu watatu wanaoyaharibu: yule asemaye kwamba Kiswahili hakiwezi kuyabeba mambo haya, yule afichaye jambo geni ndani ya neno tamu la kienyeji, na yule atungaye istilahi kisha akazizika katika faili. Nitaanza na wa kwanza, kwa kuwa kosa lake ndilo la kale zaidi na ndilo lenye wafuasi wengi.

Huyu husema: "Haya ni mambo ya kisayansi, hatukuwa nayo, basi maneno yake tutayapata wapi?" Ningependa kumchukua ndugu huyu kwa mkono nimpandishe mlimani nikamwonyeshe ndiva. Katika milima ya Upare, ya Kaskazini na ya Kusini, wazee wetu walichimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Kijito cha mlimani mara nyingi ni chembamba. Ukikiachia kiende moja kwa moja shambani mchana kutwa, maji yake hunywewa na udongo wa mfereji kabla hayajafika shamba la mwisho. Kwa hiyo maji yalizuiwa usiku kucha yakajaa ndivani. Asubuhi tundu la chini lilizibuliwa, maji yakatoka kwa wingi na kwa nguvu, yakashika mfereji, ambao wengi katika mkoa huu wa Kilimanjaro huuita mfongo, yakamfikia mwenye zamu. Ndiva ikishapungua tundu likazibwa, na usiku ukaingia na kazi ileile.

Sasa mtazame mtu aliyekabidhiwa ndiva hiyo. Kwanza huyatazama maji yamefika wapi. Pili huyalinganisha na alama anayoijua, kwamba yakifika hapa yatosha na yakishuka pale yasitolewe tena. Tatu huzibua au huziba. Nne husikiliza sauti ya aliye bondeni akisema maji yamefika au hayajafika, kisha huongeza au hupunguza. Tano hufuata zamu, maana leo ni siku ya fulani na kesho ni ya fulani. Ndugu msomaji, hayo matano ndiyo sayansi yote ya nyumba inayojiendesha. Hakuna la sita. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya jicho, ya mkono na ya sikio imekabidhiwa vyombo vya umeme.

Wala si Wapare peke yao waliolijua jambo hili. Huko Iskandaria, katika bara letu hili la Afrika, karne ya tatu kabla ya Kristo, fundi aitwaye Ktesibios alitengeneza saa ya maji yenye boya ndani yake. Maji yalipozidi boya lilipanda likaibana njia. Yalipopungua lilishuka likaifungua. Boya la namna hiyo ndilo lililomo leo katika tangi la choo na katika tangi la juu ya dari. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Marekani, Warren Johnson, alipewa hataza ya chombo cha umeme kilichotambua joto la chumba kikapiga kengele kwa mtunza tanuri, naye mtunza tanuri akaenda kupunguza au kuongeza moto. Bado palikuwa na mtu katikati, kama kwenye ndiva. Mwaka 1975 mafundi wa Glenrothes, huko Uskoti, walibuni namna ya kupeleka amri kwa kupitia nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani, ili taa ya chumba kimoja iwashwe kutoka chumba kingine. Yaliyofuata ni kuvifanya vyombo hivyo kuwa vidogo, kuviongezea mawasiliano ya hewani na kuviuza kwa wengi.

Hata maneno ya wenzetu tunayoyaogopa hayakushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1948 Norbert Wiener alipotaka jina la elimu ya vyombo vinavyojiongoza, alikwenda kwa Wagiriki akachukua neno la mshika usukani wa jahazi. Mwana wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye babu zake walishika usukani mpaka Maskati, anaambiwa kwamba lugha yake haina neno hilo! Na roboti je? Neno hilo lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Sisi kazi hiyo tuliifanya tukaiita shokoa. Kila taifa limeokota maneno yake jikoni, shambani na baharini. Sisi peke yetu ndio tunaoona haya kuokota ya kwetu.

Tena tunao ushahidi ulio karibu zaidi kuliko ndiva. Tangu miaka ya 1990 katika nyumba zetu imo mashine ndogo ukutani inayopima umeme, inayopunguza hesabu, inayotoa onyo hesabu ikikaribia kwisha, na inayokata umeme yenyewe bila kumwuliza mtu. Ndani yake ni mashine ya kigeni kabisa. Tarakimu 20 tunazobonyeza hufuata utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini. Lakini mashine hiyo tumeiita LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na maneno hayo manne yameeleza tabia yake yote. Ndiyo sababu hakuna mtoto wa miaka saba asiyejua kwamba LUKU ikilia mtu apelekwe kununua umeme. Jina limekuwa mwalimu. Hakikuhitajika kitabu cha maelezo wala semina. Lau mashine ile ingeletwa kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, naamini mpaka leo tungekuwa tunamwita fundi kila hesabu inapokwisha.

Basi na tuyatazame maneno yenyewe. Chombo kinachofanya kazi ya jicho, kinachotambua mwendo, joto, moshi, mwanga au kina cha maji, mafundi wengi wanakiita "sensa". Tafadhali! Sensa kwetu ni kuhesabu watu. Tulihesabiwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwaka 2022. Mzee akiambiwa kuwa langoni kwake imewekwa sensa ya mwendo, ana haki ya kuuliza kama serikali inahesabu waendao kwa miguu. Neno kihisi lipo, limekwisha kutumiwa na wataalamu, na lina mzizi ambao kila mtu anaujua: kuhisi. Kihisi mwendo, kihisi moshi, kihisi maji. Chombo kinachopokea habari za kihisi na kuamua ni kidhibiti. Kile kinachofanya kazi ya mkono, yaani mota ya lango, koki inayojifunga, swichi inayojibonyeza, ni kitendaji. Habari inayorudi kusema kwamba jambo limetendeka au halikutendeka ni mrejesho, neno ambalo maofisini tumelizoea. Na ratiba ya kuwasha na kuzima, ambayo mafundi huweka kwa kile wanachokiita "taima", ningependa iitwe zamu, kama ya ndiva: taa za nje zina zamu ya saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni kizingiti, na hapa naomba msomaji anivumilie. Kila kihisi huwekewa kipimo ambacho kikivukwa, jambo hutendeka. Waingereza kipimo hicho wamekiita kwa jina la ule ubao wa chini ya mlango ambao mtu huukanyaga aingiapo. Sisi ubao huo twauita kizingiti. Neno limo katika kila nyumba ya nchi hii, tena limo mlangoni, na bado mafundi wetu huzungusha ulimi kutamka la kigeni! Ukisema, "Kizingiti cha tangi hili ni robo," hata mtoto atafahamu kwamba maji yakishuka chini ya robo pampu itawaka. Wala kizingiti kimoja hakitoshi. Lazima kiwepo cha chini, cha kuiwasha pampu, na cha juu, cha kuizima, na kati yao pawe na nafasi ya kutosha. Vikikaribiana mno, maji yakitumika ndoo moja tu pampu huwaka, ikijaza ndoo moja huzima, na hivyo hivyo kutwa kucha, mpaka mota inaungua.

Hili la vizingiti viwili sikulisoma vitabuni. Pale Lembeni yuko mama mmoja wa makamo ya bibi, ambaye mwanawe alimjengea nyumba nzuri yenye kisima, tangi na pampu ya namna hiyo. Fundi alitoka mjini, akafunga vyombo vyake siku mbili, akaonyesha mambo kwa vidole, akaenda zake. Baada ya majuma machache mama akaisikia pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Akampigia mwanawe simu: "Mwanangu, pampu inakohoa." Mwana akampigia fundi. Fundi akajibu kwa neno moja la Kiingereza ambalo mwana, pamoja na shahada yake, hakulifahamu. Naye akaona haya kuuliza, akamwambia mama kuwa fundi amesema si kitu. Siku ya nne mota iliungua. Katika tambarare ile kavu, mama yule aliteka maji kwa majirani mwezi mzima, akiwa na tangi la lita elfu tano juu ya kichwa chake.

Mama huyo aliligundua tatizo mapema kuliko wote. Alilisikia kwa masikio yake, akalisema. Kilichokosekana ni neno ambalo yeye, mwanawe na fundi wangelielewa kwa pamoja. Kama angeweza kusema, "Vizingiti vya tangi vimekaribiana," fundi angekosa pa kujificha.

Na hilo halikuwa la mwisho. Nyumba hiyo ilikuwa na mpango wa kuzima taa zote za ndani saa nne usiku iwapo wenyewe hawapo. Mwana, akiwa Dar es Salaam, aliuwasha mpango huo katika simu yake kwa kuwa jina lake, kwa jinsi alivyolielewa, lilimaanisha "mimi sipo nyumbani". Kweli yeye hakuwapo. Lakini mama yake alikuwamo! Usiku wa kwanza mama alizimiwa taa akiwa anakunja nguo. Usiku wa pili alikwisha kutafuta kibatari. Akawa kila akitaka mwanga usiku hupiga simu kilomita zaidi ya mia nne: "Mwanangu, niwashie taa ya jikoni." Na mwana huwasha, naye huona fahari kwamba anamtunza mama yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika kisa hiki. Bali nyumba iliambiwa, kwa neno ambalo hakuna aliyelipima, kwamba mwenye kuishi humo si mtu wa kuhesabiwa.

Nilipokisikia niliandika ubeti huu, na wahariri wakiuona dhaifu wana ruhusa ya kuuondoa:

Nyumba yangu naijenga, mlango ninao mimi,
Taa zake nazipanga, zizimike kwa ulimi,
Neno geni lanipinga, halitamkiki nami,
Fundi akishajitenga, sina na nyumba usemi.

Sasa nije kwa mtu wa pili, ambaye namwogopa kuliko wa kwanza. Huyu hasemi kwamba Kiswahili hakiwezi. Huyu hukipenda Kiswahili kama mfanyabiashara apendavyo karatasi ya kufungia bidhaa. Ndiye aliyetuletea "janja". Katika simu neno hilo limekwisha kuzoeleka, na sitaki kupoteza nguvu kulifukuza. Lakini nani katika fasihi yetu ni mjanja? Ni sungura, ambaye hula asichopanda akamwachia fisi lawama. Mjanja ni mtu ambaye ukifanya naye biashara unahesabu chenji mara mbili. Sasa mtu anakwenda kulala ndani ya nyumba ambayo muuzaji wake mwenyewe amekiri kuwa ni janja! Mimi ningesema nyumba sikivu. Msikivu ni yule asikiaye na kutii; na nyumba hizi, nyingi zikiwa zimefungwa kinasa sauti, kusikia husikia kwelikweli. Jina hilo litamkumbusha mwenye nyumba mambo yote mawili.

Wa pili katika hila hizo ni neno "wingu". Wanasema picha za kamera zinahifadhiwa katika wingu. Lembeni wingu ni jambo zito. Watu wa tambarare huyatazama mawingu yakiegemea milima, mvua ikanyesha Usangi na Ugweno, na wao wakabaki na vumbi lao. Wingu ni la Mungu. Halina mwenyewe, halina ankara ya kila mwezi. Lakini wingu la wauzaji ni majengo yaliyojaa kompyuta, mara nyingi katika nchi za mbali, mali ya kampuni, yenye kufuli na ada, na mwenye majengo akitaka hubadilisha masharti. Kwa nini lisiitwe ghala la mbali? Mwambie mama, "Picha zako ukiwa unafua uani zinawekwa katika ghala la mbali," atakuuliza mara moja: la nani? Nani ana ufunguo? Mwambie zinawekwa winguni, atatazama juu.

Upareni tunalo somo la kale juu ya neno la kwetu lililovishwa jambo lisilo letu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya madaraja, iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, ikaiita mbiru, kwa jina la ushuru wa jadi ambao raia waliwapa watawala wao. Neno lilikuwa la Kipare. Hesabu ilikuwa ya ofisini, na mlipaji hakuweza kujua kwa nini yeye katozwa kiasi hiki na jirani yake kiasi kile. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakakusanyika Same kuipinga, na mwishowe kodi hiyo ya madaraja ikaachwa. Wazee wale hawakudanganyika kwa kusikia sauti ya lugha ya mama. Waliuliza ndani ya neno mna nini. Kwa hiyo asije mtu akanisingizia kwamba nataka kila kitu kitiwe jina la Kibantu, basi. Jina la Kibantu linaloficha ni baya kuliko la Kiingereza, kwa maana la Kiingereza angalau humfanya mtu ajue kwamba hajui.

Juu ya mtu wa tatu nitasema machache, kwa kuwa ni mwenzangu wa ofisini na nia yake ni njema. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vya miaka ya 1970 na 1980 vilifanya kazi kubwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno mengi tuliyo nayo ya umeme, joto na mwendo yana deni kwa wazee wale. Lakini tuseme kweli: kompyuta ilipewa majina kama ngamizi na tarakilishi, na mwananchi wa Tanzania akaendelea kusema kompyuta. Tarakilishi imepata makao katika shule za Kenya, ngamizi imelala. Kwa nini? Kwa sababu hatukumwuliza anayekitumia chombo, wala hatukufika dukani kabla ya boksi kufika. Neno likichelewa miaka mitano hukuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Mimi si mtakasaji wa lugha. Swichi, balbu, soketi, fyuzi na mita ni Kiswahili leo kama meza na dirisha zilivyo Kiswahili, ingawa meza ni ya Mreno na dirisha ni la Mwajemi. Yalipita midomoni mwa mafundi na wapishi, yakalainika. Rimoti nayo imeingia, ikae. Kipimo changu ni kimoja: je, kwa neno hili bibi wa Lembeni aweza kumgombeza fundi? Kama aweza, neno ni letu hata likitoka London. Kama hawezi, si letu hata likitoka kwenye semina ya Dodoma.

Mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, makampuni makubwa yanayotengeneza vyombo hivi yalitangaza itifaki moja iitwayo Matter. Kwa miaka mingi balbu ya kampuni hii haikusikilizana na kidhibiti cha kampuni ile, na wanunuzi wakalalamika. Ndipo washindani wakakaa meza moja wakatafuta lugha moja kwa ajili ya balbu, makufuli na mapazia. Hicho ni kisa cha Kiswahili chenyewe! Makabila zaidi ya mia moja na ishirini yalipata lugha ya kusikilizana. Basi imekuwaje vyombo viwe vimepatiwa lugha ya pamoja, na mtu aliye katikati ya vyombo hivyo aachwe bubu?

Jibu la wengi ni shule: kijana wetu hujifunza saketi na mkondo wa umeme kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Ni kweli. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini mahakama nazo zilisemwa kuwa haziwezi, na mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Ikiwa rufani na hati miliki zimeweza kusemwa kwa Kiswahili, koki ya tangi itashindwaje?

Tena sheria sasa inatudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Moja ya nguzo zake ni ridhaa ya mtu ambaye habari zake zinakusanywa. Kamera ya uani inakusanya habari. Kihisi mwendo kinajua mama ameamka saa ngapi na ameingia chooni mara ngapi. Ridhaa hiyo huombwa kwa kibonyezo kimoja mwisho wa kurasa nyingi za lugha ya kigeni, na abonyezaye ni mwana aliye mbali, si mama anayeonekana. Mtu haridhii neno asilolijua. Anachofanya ni kubonyeza tu ili taa iwake.

Nataka mambo ambayo hayahitaji mkutano wa kimataifa. Shirika letu la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, hushughulikia viwango vya nyaya na plagi. Lishughulikie na maneno. Kila boksi la vyombo hivi liingialo nchini liwe na karatasi moja ya Kiswahili inayotaja kihisi ni kipi, kidhibiti ni kipi, vizingiti vinawekwa wapi, habari zinakwenda ghala la nani, na jinsi ya kuvirudisha vyote katika mkono wa mtu, simu ikipotea au mtandao ukikatika. Baraza la Kiswahili, kabla ya kupitisha istilahi za vyombo hivi, lizipeleke kwanza kwa mafundi umeme wa Mwanga, wa Same na wa kwingineko, na kwa wale ambao nyumba zao zinafungwa vyombo hivyo. Na fundi amalizapo kazi asilipwe fungu la mwisho mpaka aandike kwa kalamu ya rangi pembeni ya kila kidude ukutani, kwa herufi za kusomeka, jina lake na kazi yake, kisha mwenye kuishi humo, si mwenye kulipa aliye mjini, avisome kimoja kimoja kwa sauti na kuviwasha na kuvizima kwa mkono wake. Akikwama kwenye neno, fundi atafute jingine, hapo hapo, kabla hajapanda basi.